Kiganja Changu na Kadi ya Kemilembe

Bwana Yesu asifiwe! Ndugu zangu, mmeitikia kinyonge kama watu waliotoka nyumbani bila hata chai. Bwana Yesu asifiwe tena! Haya, sasa nimewasikia.

Mnanijua. Mimi ni Mama Adela wa Igogo, yule wa benchi la tatu upande wa akina mama, ninayeimba kwa sauti kubwa kuliko uwezo wangu. Leo sijasimama kuimba. Nimesimama kusema dhambi yangu, na dhambi yenyewe si pombe, si uchawi, wala si mwanamume wa mtu. Dhambi yangu ni uji. Msicheke! Nyie akina mama wa kule nyuma, nawaona. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu atakayetaka kucheka acheke.

Nina mabinti wawili. Adela ndiye mkubwa, yuko pale kwenye kwaya. Mdogo wake ni Kemilembe, ana miaka kumi sasa, amekaa karibu na baba yake, yule mwembamba aliyevaa sweta wakati nyie wote mnajipepea na vitabu vya nyimbo. Anavaa sweta kwa ajili ya kifua. Kifua hicho nilikiharibu mimi, mama yake, kwa mkono huu. Nimeshasema. Lile zito nimeshalitua.

Turudi nyuma, Kemilembe akiwa na miaka mitatu. Mnaukumbuka ule mwaka wa ukame, tulipokuwa tunapanga foleni kwenye duka la ushirika tangu asubuhi, halafu tunapewa unga wa njano. Wengine mliula mkashukuru. Sisi tulitoka ng'ambo ya ziwa, Bukoba, tumekulia ndizi na maharage, na mama yangu alizoea kunitumia mkungu kwa meli. Mwaka ule hata mkungu haukufika. Nikasonga ugali wa njano. Adela aliula kwa kununa. Kemilembe aliunusa, akageuza uso. Kesho yake akageuza uso. Nikapika uji wa unga uleule, akageuza uso. Wiki ikaisha, mtoto anatazama ukuta.

Na mwaka huohuo ndipo tulipoletewa vikundi vya redio vya mambo ya chakula. Kila mtaa tulikusanyika uani kwa balozi wa nyumba kumi, redio inawekwa juu ya stuli, tunasikiliza kipindi, kikiisha mmoja anasoma kijitabu na wote tunajadili. Na kiongozi wa kikundi chetu alikuwa nani? Mimi! Nilichaguliwa kwa sababu nasoma bila kukwama. Nasimama pale na kijitabu changu, nafundisha wenzangu: chakula cha kujenga mwili, cha kutia nguvu, cha kulinda mwili. Nawaambia msitupe maji ya mchicha, wapeni watoto dagaa, mapapai yapo. Nasema kwa kinywa kilichonyooka kabisa, na nyumbani mwanangu hajaweka kitu mdomoni tangu asubuhi.

Ndugu zangu, hapo ndipo shetani aliponipata. Hakunipata kwa njaa. Alinipata kwa aibu.

Maana kila mwezi kulikuwa na kliniki. Mnaijua ile mizani ya kuning'inizwa, mtoto anavuliwa nguo zote, anavalishwa kile kibukta cha turubai, anainuliwa analia, sindano ya mizani inacheza, na muuguzi anaweka nukta kwenye kadi. Nukta zikiunganishwa mstari unapanda, au haupandi. Akina mama tunakaa kwenye foleni tunachunguliana kadi. Msiniambie hamjawahi kuchungulia kadi ya mwenzako! Sasa mimi, kiongozi wa kikundi cha chakula, mtoto wangu mstari ulale? Nitaiweka wapi sura yangu?

Basi nikafanya hivi. Asubuhi ya kliniki, kabla hatujatoka, nilimpakata Kemilembe, kichwa chake nikakibana kwapani. Nikamwita Adela, wakati huo ana miaka minane, nikamwambia amshike mdogo wake miguu. Nikakinga kiganja cha kushoto mdomoni pake, nikamimina uji kiganjani, na vidole vingine vikabana pua. Mtoto akitaka kuvuta pumzi lazima ameze. Hivyo ndivyo mimi mwenyewe nilivyonyweshwa nilipokuwa mdogo, na wengi humu ndani ndivyo mlivyonyweshwa, na hakuna aliyeona ni kosa. Lakini mama yangu alininywesha kwa ajili ya ugonjwa. Mimi nilimnywesha kwa ajili ya mizani. Kikombe kizima cha uji, na maji juu yake. Kisha nikamfuta, nikamfunga mgongoni, nikaenda mbio kabla hajakojoa.

Sindano ikapanda. Muuguzi akasema, "Angalieni mtoto wa Mama Adela, ndiyo matunda ya kusikiliza redio." Wenzangu wakanipigia makofi. Na mimi nikatabasamu, Mungu anisamehe, nikatabasamu na meno yote nje.

Lakini uongo wa mizani una shida yake. Mwezi uliofuata ilinibidi nimjaze zaidi, kwa sababu mwili wenyewe ulikuwa unapungua na nukta ilitakiwa iwe juu ya ile ya kwanza. Mwezi wa tatu zaidi tena. Kadi inanenepa, mtoto anakonda. Niliiweka kadi ile kwenye mfuko wa plastiki isilowe, nikaificha kabatini pamoja na cheti changu cha ndoa.

Na siku nyingine zote zisizo za kliniki? Vita. Mlo wa nyumba yangu ulikuwa vita mara mbili kwa siku. Nilikaa mbele ya mtoto na mwiko mkononi, macho yangu mdomoni mwake. "Fungua! Tafuna! Meza! Nimesema meza!" Adela naye alianza kula haraka haraka, anameza bila kutafuna, ili aondoke pale kabla sijamwita ashike miguu. Baba yao alikuwa akirudi kutoka bandarini alikobeba mizigo tangu alfajiri, ananawa mikono, anasikia kilio, anasukuma sahani. Siku moja alisimama akasema, "Mama Adela, nyumba hii haina chakula, ina magomvi tu." Akatoka. Nikamfokea mgongoni, "Walishe basi wewe, uliyezoea kuandaliwa!" Nilikuwa mkali, jamani. Nilikuwa mkali kwa sababu nilikuwa naogopa, na hofu yangu sikuwa na mtu wa kumwambia, maana mtu wa kuambiwa mambo ya watoto wasiokula pale mtaani ndiye mimi mwenyewe.

Nilisali? Nilisali sana! Nilisali Mungu amfungue mtoto mdomo. Sikusali hata mara moja anifumbue mimi macho.

Ndugu zangu, mwezi wa nne ukafika.

Asubuhi hiyo Kemilembe aliponiona nachukua kikombe alitambaa akaingia chini ya kitanda. Nilimvuta kwa mguu. Adela alikuwa analia, anasema, "Mama, leo usimnyweshe, mama, leo usimnyweshe." Nikamwambia, "Shika miguu!" Akashika. Nikamimina. Akameza, akameza, halafu uji ukampalia. Sikuacha hapohapo. Nasema ukweli mbele za Mungu: sikuacha hapohapo. Nilidhani ni ujanja wake. Nilimimina tena. Ndipo nikaona midomo imebadilika rangi, macho yamegeuka, na mwili umelegea mikononi mwangu kama kitambaa kilicholowa. Nikampindua, nikampiga mgongoni, Adela anapiga kelele, uji ukatoka puani, mtoto akakohoa, akavuta pumzi.

Mtu mwenye akili angesema asante Mungu, angekaa chini na mwanawe. Mimi nilifanya nini? Nilimfuta. Nikamfunga mgongoni. Nikampeleka kliniki. Foleni ilikuwa inanisubiri, nilikuwa nimewaahidi wenzangu kwamba siku hiyo tutalinganisha kadi. Mtoto ametoka mlangoni mwa kaburi nikampandisha kwenye mizani! Sindano ikapanda kidogo. Nukta ikawekwa. Yuko mgongoni kwangu, kila akipumua nasikia kitu kinakwaruza kifuani, nami najibu pongezi.

Siku ya pili homa ilimshika. Siku ya tatu mbavu zikawa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Tulimkimbiza hospitali, baba yake amembeba, mimi nyuma na kadi yangu kwenye plastiki. Nimonia, wakasema. Muuguzi wa wodi akaitazama kadi, akamtazama mtoto, akampima. Akampima mara ya pili. Akaniuliza, "Mama, hii kadi ni ya mtoto huyu kweli?"

Nikajibu, "Ni yake. Labda mizani yenu mbovu."

Ole wangu! Mwanangu amelala anapigania pumzi, na ulimi wangu bado unatetea kadi.

Muuguzi hakubishana nami. Alisema tu kwa upole, upole ulionichoma kuliko matusi, "Kama mwezi ule wa kwanza mstari ungelala, angepewa maziwa ya kliniki, na tungemfuatilia. Ndiyo kazi ya kadi, mama. Inatuambia nani anahitaji msaada." Akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nilibaki nimeishika ile kadi. Basi maziwa yalikuwepo. Msaada ulikuwepo miezi yote ile. Na mimi kila mwezi nilikuwa nausukuma mbali kwa kikombe cha uji.

Alichomwa sindano, homa ikashuka. Mtashangilia, mtasema hapo ndipo muujiza ulipotokea. Bado! Kwangu mimi pale ndipo giza lilipoingia hasa. Kemilembe alipopata nguvu ya kukaa, nilimletea uji wa hospitali, uji mzuri, wa maziwa. Akaniona nakuja na kikombe. Akainua mikono yote miwili akafunika mdomo. Hakulia. Alifunika tu mdomo na kunitazama. Nikiweka kikombe chini anashusha mikono. Nikikishika anafunika. Mtoto wa miaka mitatu anajikinga na mama yake! Ndugu zangu, nimezika baba, nimezika kaka, sijawahi kuona kitu cha kunivunja moyo kama vile vidole vyake vidogo juu ya mdomo wake.

Daktari akasema asipokula hatutafika popote, dawa peke yake haitoshi. Siku mbili zikapita. Mtoto anafifia. Mimi mwenyewe sikuweza kula wala kuomba. Nilikuwa nasimama dirishani pale wodini, naliona ziwa, naziona meli, nasema moyoni, ee Mungu, ungempa mtoto huyu mama mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu yote. Nilitaka nipande meli nirudi kwetu nisionekane tena.

Na mama mwingine alikuwepo! Kwenye kitanda cha jirani alikuwa amelala mtoto mmoja wa Kisukuma, jina lake Kabula, aliungua mguu na maji ya moto. Aliyemuuguza ni bibi yake, mama mmoja mzee wa kutoka vijijini huko Magu, hajui kusoma, na redio anaijua kwa kuisikia kwa jirani. Mkononi hakosi kazi: anasuka kikapu, anazungumza na wodi nzima. Kila asubuhi ananisalimia, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, mimi naitikia kwa shingo upande. Nilimdharau, nisiwafiche.

Siku ile mchana bibi aliletewa chakula na jamaa zake, ugali wa udaga, ule wa muhogo, na dagaa waliopikwa na nyanya. Akanawa mikono. Akamnawisha Kabula. Akaja kitandani kwetu bila kuniuliza, akamnawisha na Kemilembe mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja, akambeba akamkalisha kitandani kwake. Akaweka sahani katikati ya watoto wawili. Akamega tonge lake, akala. Halafu, ndugu zangu, akawapa watoto mgongo! Akachukua kikapu chake akaendelea kusuka na kupiga soga na mama wa kitanda cha mbele, kana kwamba hao watoto hawapo.

Mimi nimekaa nimekodoa macho mdomoni mwa mwanangu. Kemilembe ananitazama, mikono imeanza kupanda mdomoni.

Bibi akanena bila kugeuka, "Mayu, mbona unamtazama mtoto mdomoni?"

Nikamwambia, "Namtazama nione kama anakula."

Akasema, "Hata wewe nikikutazama mdomoni hivyo hutameza. Huyu mwanao ameshashiba macho yako. Geukia dirishani huko, utazame ziwa."

Nilikasirika. Mimi, kiongozi wa kikundi, nifundishwe kulisha! Lakini sikuwa na kitu kingine cha kujaribu. Nikageuka. Nikatazama ziwa. Nasikia tu sauti ya bibi na ukindu unavyokwaruzana. Kabula anacheka kitu. Halafu nikasikia anatafuna. Sikumwona, nilimsikia! Mdomo mdogo unatafuna dagaa. Nilijua si Kabula, kwa sababu mama anaujua mdomo wa mwanawe hata akiwa ameupa kisogo. Nilishika chuma cha dirisha kwa mikono miwili nisigeuke. Nililia bila sauti mpaka kifua cha gauni kikalowa.

Hapo ndipo Bwana aliponikamata. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Nilielewa tu. Nilielewa kwamba Yesu aliwakalisha watu kwenye majani akawapa chakula, na sijasoma mahali popote kwamba alimshika mtu pua. Nilielewa kwamba miezi yote ile sikuwa nalisha mtoto, nilikuwa nalisha jina langu. Nikasema, Bwana, uondoe mkono huu. Uondoe mkono wangu kwenye mdomo wa mwanangu. Na aliuondoa! Halleluya! Tangu siku ile mpaka leo mkono huu haujamshika mtoto yeyote kwa nguvu mbele ya chakula.

Nikaenda kwa muuguzi, nikamwambia mizani yenu si mbovu. Nikamweleza yote. Tuliporudi nyumbani nikaenda uani kwa balozi siku ya redio, nikaionyesha kadi, nikawaambia wanakikundi hii kadi ni ya uongo na muongo ni mimi. Balozi akasema nimeaibisha mtaa mzima, wakachagua kiongozi mwingine, na walifanya sawa. Lakini tulipotawanyika, akina mama watatu walinifuata mmoja mmoja. Sitawataja. Kila mmoja aliniambia, "Mama Adela, hata mimi."

Nyumbani tulibadili mambo. Mwiko ukimaliza kusonga unabaki jikoni, hauji mkekani. Tunakula wote pamoja, na baba yao. Mwanzoni alisema mwanamume kukaa mkeka mmoja na watoto ataonekanaje, sasa ndiye anayewaita. Hatusemi habari za foleni wakati wa kula, hatuhukumiani makosa ya siku. Kila mtoto anapewa kidogo, akitaka zaidi anaomba. Dagaa, maharage, mchicha wa pale nyuma ya nyumba, papai likiwepo. Kile asichokipenda kinawekwa tu kidogo pembeni, sisi tunakila mbele yake, hatumwambii neno. Unga wa njano wenyewe, mnisikie, miezi mitano baadaye Kemilembe aliula, hakuna aliyemwomba. Haikuwa rahisi. Kuna wiki alikula matonge mawili kwa siku na mimi nilikaa nimejiuma midomo. Na kile kifua hakijarudi. Kila baridi ikija anakohoa mpaka namsikia kutoka uani, na kila anapokohoa nasikia kikombe.

Sasa nyie mtasema, Mama Adela, mbona haya ni ya miaka saba iliyopita, kwa nini unatusimulia leo?

Kwa sababu nilidhani nimeshaungama kwa wote. Kumbe! Alhamisi hii mama yangu kaniletea mkungu kwa meli, mzima, haujaiva. Nikapika ndizi na maharage na sato wa kuungwa. Mchana tumekaa mkekani, mimi kama kawaida yangu nimekaa upande, nimempa Kemilembe bega, natazama mlango. Miaka saba nakaa hivyo. Niliambiwa nigeuke, nikageuka, sijathubutu kugeuza shingo tena. Mtoto akaacha kula. Akasema, "Mama, nikuulize? Mbona mimi hunitazami nikila? Adela unamtazama. Nakula vibaya?"

Ndugu zangu! Hakumbuki! Hakumbuki kikombe wala kiganja. Anachokijua ni kwamba mama yake hapendi kumtazama akila. Nilimtesa kwa macho, halafu nikamtesa kwa kuyaondoa, na kati ya hayo mawili sikuwahi kumwambia yeye mwenyewe hata neno moja. Niliungama kwa muuguzi, kwa balozi, kwa kikundi. Mwenye mdomo wake sikumwomba msamaha.

Nikamwambia, mbele ya baba yake na dada yake. Nilimweleza uji, mizani, kadi, yote. Nikiwa katikati nikasikia kilio, nikadhani ni yeye. Ni Adela. Binti yangu mkubwa amelala kwenye mkeka, anasema, "Na mimi nilishika miguu. Mama, na mimi nilishika miguu." Miaka yote hiyo! Mtoto ana miaka kumi na mitano, amebeba dhambi yangu tangu ana minane, na mimi najisifu kwamba nimefunguliwa. Nilimkumbatia, nikamwambia, haikuwa mikono yako, mwanangu, ilikuwa mikono yangu niliyokuazima. Baba yao alitazama chini. Chakula kilipoa. Sikujua tutainukaje pale.

Ndipo Kemilembe akavuta sahani yake mbele yangu. Hakusema amenisamehe, wala sijamuuliza, hilo ni lake na la Mungu. Alimega ndizi, akasema, "Basi geuka, mama. Nitazame."

Nikageuka. Akatia mdomoni, akatafuna polepole, akameza. Mara ya kwanza kwa miaka saba nilimwona mwanangu anameza. Ana kidoti kidogo hapa chini ya mdomo, kinacheza akitafuna. Sikuwa nakijua.

Ndugu zangu, mama mwenzangu uliyecheka pale mwanzo, baba unayesukuma sahani na kutoka nje, leo mkirudi nyumbani acheni mwiko jikoni. Kaeni na watoto wenu. Kama kuna mtoto uliyemkosea kwenye chakula, mwambie yeye mwenyewe, usije kuniambia mimi. Mkabidhi Yesu mdomo wa mwanao. Yeye aliufanya, anajua jinsi ya kuufungua. Namshukuru yeye, namshukuru yule bibi wa Kabula popote alipo, na ninyi nawashukuru kwa kunivumilia. Nimemaliza. Niruhusuni nitoke mapema kidogo, tumebakiza ndizi za ule mkungu, na kuna mtu ameniambia nisichelewe kwenda kumtazama akila.